Mjomba, usiuze mashua kwanza

Hamburg, Ujerumani

Mjomba,

Shikamoo. Sisi huku wazima, ni baridi tu inayotuonea.

Nimesikia unataka kuuza mashua umlipie Athumani diploma ya usimamizi wa biashara Mombasa. Sisemi asisome. Nauliza tu: akimaliza, Lamu ataajiriwa na nani?

Machi 2012 walikuja Rais Kibaki, Meles Zenawi wa Ethiopia na Salva Kiir wa Sudan Kusini kuzindua ujenzi wa bandari ya Lamu, tukaambiwa vijana wajiandae. Wajiandae kwa lipi, hatukuambiwa vizuri. Gati la kwanza likafunguliwa Mei 2021, na kilio mpaka leo ni kimoja: kazi zinakwenda kwa watu wa mbali. Upendeleo upo, sikatai. Lakini kreni haiendeshwi kwa diploma ya biashara.

Huku kijana anayetaka kazi ya bandarini huanza kwa kutafuta kampuni. Wakikubaliana, hutia saini mkataba wa uanagenzi, miaka mitatu hivi. Siku moja au mbili kwa wiki yuko darasani, zilizobaki yuko kazini, na analipwa. Si nyingi, lakini za nauli na chakula hazimshindi. Mwisho hutahiniwa na chemba ya biashara, na cheti chake kinakubalika nchi nzima. Kampuni haichukui wanagenzi ovyo, kwa hiyo wanaofunzwa hawapishani sana na kazi zilizopo. Ubaya nao upo: hapa Hamburg watoto huanza kutenganishwa njia wakiwa na miaka kumi hivi, na wa wageni ndio huumia zaidi.

Mbona uanagenzi tunao? Nenda kijijini Matondoni umtazame fundi wa mashua na kijana wake wakitia kalafati: pamba inasokotwa, inashindiliwa kwa patasi baina ya mbao, polepole, mpaka maji yakose pa kupita. Miaka kijana anajifunza hivyo, na hana hata karatasi ya kumwonyesha mwajiri. Na NITA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya viwandani, hutahini mafundi kwa daraja, la tatu hadi la kwanza, hata waliojifunzia kazini!

Athumani wamjua, injini ya boti humkalisha kutwa nzima, kitabu dakika kumi. Naomba aende bandarini aulize wanataka mafundi gani, kisha aulize ada ya kozi ya umakanika wa meli, anitumie kwa WhatsApp. Nusu nitatoa mimi. Mama usimwambie bado, atataka nilipe yote.

Mpwa wako,
Swaleh