Wake wa wachimbaji wa Senghenydd hawakukaa wakisubiri

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua nisahihishe jambo moja katika makala mliyoichapa kuhusu maafa ya migodini, ambamo kijiji cha Senghenydd, kusini mwa Wales, kilipewa aya mbili. Kwa tarehe na hesabu sina ugomvi na mwandishi wenu: asubuhi ya tarehe 14 Oktoba 1913 mgodi wa makaa ya mawe wa Universal ulilipuka, wachimbaji 439 na mwokoaji mmoja wakafa, na hadi leo hakuna ajali ya mgodi iliyoua watu wengi zaidi ya hiyo katika Uingereza nzima. Kilichonifanya nishike kalamu ni sentensi aliyomalizia, kwamba wanaume walishuka shimoni na wanawake "wakabaki nyumbani wakisubiri".

Mimi ni mzaliwa wa Tanga, na nimeolewa katika familia ya bonde hilo miaka mingi sasa. Mama mkwe wangu, aliyezaliwa mwaka 1937, alilelewa zaidi na bibi yake, ambaye mpaka leo humtaja kwa jina la mam-gu kama wanavyowaita bibi zao watu wa kusini mwa Wales, na mam-gu huyo alikuwa mmoja wa wajane zaidi ya 200 walioachwa na mlipuko ule. Ninayoyaandika nimeyasikia jikoni kwa mama mkwe mara nyingi mno, na kila mara masimulizi huanzia kwenye karai.

Karai lenyewe ni la bati, refu kiasi cha mtu mzima kuketi ndani akiwa amekunja magoti, na lilikuwa likitundikwa kwenye msumari ukutani, nyuma ya nyumba. Mgodini hapakuwa na bafu. Bafu la kwanza la wachimbaji katika Wales lilijengwa mwaka 1916, kwenye mgodi wa Deep Navigation huko Treharris. Kwa hiyo mchimbaji alitoka shimoni akaja nyumbani mweusi tii kwa vumbi la makaa, nguo zimelowa jasho na maji ya mwambani, na ilitakiwa amkute mkewe ameshateka maji, ameshayachemsha ndoo baada ya ndoo, na karai liko mbele ya meko. Baba alioga kwanza, wakafuata wana au wapangaji waliokuwa kazini naye, katika maji yaleyale yaliyozidi kuwa mazito, kisha mwanamke akaliburura karai mpaka uani kulimwaga. Mgongo haukusuguliwa kila siku, kwa kuwa wazee waliamini kwamba kuuosha sana hudhoofisha uti. Nguo zilipigwapigwa ukutani zitoe vumbi, zikaanikwa kuzunguka moto, na asubuhi zikavaliwa tena. Mam-gu alikuwa na mume, shemeji na mpangaji mmoja, na watatu hao hawakuwa zamu moja: mmoja alipokuwa akitoka karaini, mwingine alikuwa akifungiwa mkate na jibini kwenye kopo lake, na wa tatu amelala, kwa hiyo watoto walikuwa wakinyamazishwa mchana kutwa. Nilipowahi kuuliza yeye mwenyewe alilala saa ngapi, mama mkwe alicheka tu.

Haya si malalamiko ya familia moja. Mwaka 1919 Elizabeth Andrews wa bonde la Rhondda alikwenda London pamoja na wake wengine wawili wa wachimbaji kutoa ushahidi mbele ya tume ya serikali iliyoongozwa na Jaji Sankey, akadai migodi ijengewe mabafu, akaeleza jinsi kunyanyua maji kulivyowaharibia wanawake mimba na jinsi watoto wadogo walivyoungua kwa maji ya moto sakafuni. Sijui kama kuna kazi ya mgodini iliyofanyika juu ya ardhi ambayo iliumiza watu kuliko hiyo, na haikuwa na mshahara.

Familia inayo nakala ya fomu ya sensa ya mwaka 1911, iliyojazwa kwa mkono wa mume wa mam-gu mwenyewe, kwa maandishi ya mtu ambaye hakuzoea kalamu lakini alijitahidi. Penye jina lake ameandika kazi yake, mkata makaa. Sensa ile iliuliza pia watoto waliozaliwa hai katika ndoa na waliokufa, naye ameandika 4, kisha 1. Kwenye safu ya kazi, mbele ya jina la mkewe, pako wazi. Simlaumu marehemu, kwani ndivyo wake wengi walivyoandikwa, au tuseme walivyoachwa. Mwandishi wenu amefanya vilevile, naye ana miaka zaidi ya 100 ya kujirekebisha.

Mlipuko wenyewe familia hauusimulii sana. Uchunguzi ulifanyika, mashtaka yakafunguliwa, na meneja akatozwa faini ya pauni 24, ambazo kwa fedha za wakati ule ni shilingi 480. Zigawe kwa wachimbaji 439 upate shilingi moja na kitu kwa kila roho, shilingi hiyohiyo iliyotupa sisi jina la fedha yetu. Mama mkwe huitaja hesabu hiyo haraka, kama mtu anayefunga mlango. Anachokisimulia taratibu ni soksi. Moto uliendelea kuwaka chini, maiti zikawa zinatolewa kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, na nyingi hazikuweza kutambuliwa kwa sura. Mam-gu aliitwa, akaonyeshwa miguu. Soksi ilikuwa ya kijivu, na kisigino kilikuwa kimeshonwa kwa uzi wa rangi ya damu ya mzee, kwa sababu wiki ile uzi wa kijivu ulikuwa umekwisha na yeye aliona aibu kwenda kukopa dukani. Karani akaandika jina la mume kwenye orodha. Orodha hiyo ndiyo iliyompa mwandishi wenu ile 439 yake, na walau mmoja kati yao alihesabika kwa sindano ya mkewe.

Baada ya hapo mam-gu alipangisha vyumba, akaendelea kuwachemshia maji wanaume wasio wake. Mama mkwe anakumbuka akiwa mtoto, miaka ya 1940, makaa ya punguzo ya wafanyakazi wa mgodi yakimwagwa tani nzima barabarani mbele ya mlango, na bibi huyo, akiwa na miaka 60 hivi, akiyabeba kwa ndoo kupitia sebuleni mpaka stoo ya nyuma kabla mvua haijanyesha, huku mjukuu akifuata nyuma na kikopo chake. Anasema alikuwa akipewa mabonge madogo, na akidondosha moja juu ya zulia alifokewa kwa Kiwelisi.

Tarehe 14 Oktoba 2013, miaka 100 baada ya mlipuko, kijijini ilizinduliwa sanamu ya shaba ya mwokoaji akimshika mchimbaji aliyeumia, katika bustani yenye vigae vilivyoandikwa majina ya waliokufa. Ni kazi nzuri, na nimewahi kupeleka wageni kutoka nyumbani kuiona. Karai la mam-gu liko uani kwa mama mkwe. Amelitoboa chini, akalijaza udongo na kupanda vitunguu. Msimu uliopita aliniomba nilisogeze karibu na jua. Lilikuwa na udongo nusu tu, halina tone la maji, na ilibidi nimwite mwanangu wa kiume alishike upande wa pili.

Msomaji wenu,
Caerphilly, Wales