Mwanangu, stempu za babu yako usizibandue

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Dada yako ameniambia kwamba utakapokwenda London mwezi ujao utazichukua zile bahasha za babu yako ukamwonyeshe muuza stempu, na kwamba amekutaka uzibandue stempu kwanza. Nakuomba usizibandue.

Kabla ya Novemba 1895 posta ya Unguja iliendeshwa na posta ya India, na barua za hapa zilibandikwa stempu za huko zenye kichwa cha Malkia Victoria. Waingereza walipoichukua posta hiyo, stempu hizohizo zilipigwa chapa ya neno "Zanzibar" hapahapa Unguja, katika matbaa ya gazeti la Zanzibar Gazette, na baadhi zikatoka "Zanzidar". Kosa hilo hughushiwa sana, kwa hiyo stempu iliyobanduliwa haina wa kuitolea ushahidi, ilhali iliyo juu ya bahasha imegongwa muhuri wenye tarehe ulioishika pamoja na karatasi yake. Wewe uliyesoma historia hadi chuo kikuu, jambo ninalojivunia mbele za watu, ulipaswa kumjibu hivyo yule bwana bila kunisubiri mimi.

Zaidi naihofia ile bahasha yenye stempu ya Sultani Seyyid Hamad bin Thuwaini, kwa sababu hizo ndizo stempu za kwanza zilizochorwa kwa ajili ya nchi yetu. Seyyid Hamad alifariki tarehe 25 Agosti 1896, na siku mbili baadaye manowari za Waingereza zikaipiga mizinga kasri alimokuwa Seyyid Khalid bin Barghash, aliyejitwalia kiti bila ridhaa yao, katika vita visivyotimia saa moja, kisha wakamweka Seyyid Hamoud bin Mohammed awe Sultani. Stempu zikatoka baadaye mwaka huohuo zikiwa na sura ya marehemu, na watu wakapelekeana barua kwa sura hiyo hali kitini yupo mwingine. Muhuri wa bahasha ndio unaoyasema hayo yote, na ukiibandua stempu unabaki na picha tu.

Najua fedha unaitafuta kwa ajili ya bati la ukumbi, na Mungu akulipe. Fundi amekubali kulipwa kidogo kidogo, basi usiharakishe. Ukilazimika kuuza, uza bahasha nzima, na ile ya Seyyid Hamad iache nyumbani. Ukija, leta mifuko ya plastiki iliyo migumu, maana kabati lako limeingia unyevu tangu masika na mama yako amezihamishia bahasha zote chumbani kwetu.

Baba yako