Siku kumi na moja bomba linamwaga, mfujaji ni mimi?

Ndugu Mhariri,

Gazeti lako nalinunua tangu nikiwa kazini, na sijawahi kukuandikia hata mstari mmoja. Lakini ile habari yenu ya juma lililopita, yenye picha ya mama anamwagilia maua kwa mpira, imenishinda. Eti wakazi wa Dodoma "tumezoea kufuja maji".

Sisi? Nyumba nyingi hapa maji yaliyooshea mchicha ndiyo yanayodekia, na yaliyodekia anapewa mpapai. Mama yangu, Mgogo wa Hombolo, alinichapa fimbo kwa kumwaga maji ya kunawa. Mvua yetu inaanza Desemba, Aprili imeshaaga, na mwaka ukiwa mzuri ni milimita 550 au 600 hivi. Mtu wa namna hiyo humfundishi kufunga koki.

Sasa sikiliza. Oktoba, jua lile la kupasua kichwa, bomba lilipasuka kando ya barabara yetu hapa Miyuji. Ilikuwa Jumatatu. Nyumbani tuko kwenye mgao, maji ni usiku wa Alhamisi, yakijisikia kuja. Nikapiga simu ya huduma kwa wateja, dada mwenye sauti tamu akanishukuru kwa uzalendo. Jumanne nikapiga tena: fundi yuko njiani. Ijumaa: yuko njiani. Jumatatu ya pili: bado njiani, na hata kama alitoka Singida kwa miguu alipaswa awe amefika. Mbuzi wanakunywa, watoto wanaoga, bajaji zinaoshwa. Kijana wa mkokoteni akaja na madumu yake, akakinga palepale kwenye ufa, akatugongea geti kutuuzia dumu shilingi 500. Na mimi, Mhariri, nilinunua! Nilinunua maji yanayomwagika mbele ya nyumba yangu, kwa sababu mgongo wangu haubebi tena. Siku ya kumi na moja nikachukua tyubu ya baiskeli ya mjukuu, nikalifunga bomba mwenyewe, maji yakapungua. Kesho yake fundi huyo na pikipiki. Swali lake la kwanza, hata shikamoo hakuna: "Nani amechezea miundombinu?"

Na yale si maji ya mto yanayojipitia. Ni ya visima vya Makutupora. Wataalamu wamekuwa wakipima kina cha maji ya pale tangu miaka ya 1950, na wanatuambia akiba ile haijazwi kila masika, hungoja misimu ya mvua kubwa, kama ile ya El Niño ya 1997/98. Kwa hiyo lile dimbwi lililooshewa bajaji huenda ni mvua iliyonilowesha mwaka 1998, nikiwa bado na nywele.

Halafu kuna hii miti. Kila mwaka tunakusanywa, turubai, spika, mgeni rasmi anapanda mche mmoja kwa koleo jipya, anapigwa picha (mnaichapa ninyi), anaondoka. Nani anaumwagilia Septemba? Wa mwaka juzi mtaani kwetu umebaki mti wa kufungia mbuzi. Napendekeza kila mgeni rasmi akabidhiwe dumu la lita 20 na zamu ya kila Jumamosi mpaka Desemba, na mche ukikauka, kibao chenye jina lake kisiondolewe.

Na hao wanaosakafia uwanja mzima kwa vitofali, kuanzia getini hadi chooni! Mvua ikinyesha haina pa kuzama, inakimbilia kwa jirani wa bondeni, kisha korongoni. Jirani huyo ni mimi.

Mnataka tutunze maji? Piga hesabu hii. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Bati la mita 100 za mraba, kwa milimita 550, ni lita 55,000. Toa inayoruka na kupotea, tuseme moja ya tano, zinabaki lita 44,000. Ni madumu 2,200, na kwa bei ya yule kijana ni shilingi 1,100,000 zinazopita juu ya kichwa changu kila mwaka. Basi kibali cha kujenga kisitoke mpaka gata na tangi vionekane kwenye ramani, na tuanze na ofisi za umma, zenye mapaa makubwa kuliko viwanja vyetu. Nimezizunguka tatu mwezi huu, kwa miguu, nikitazama juu kama mwizi. Gata niliona kwenye moja, nalo limeota majani.

Tyubu bado iko kwenye bomba. Fundi alisema ataleta kiungo Jumatatu, na ya mjukuu sijarudishiwa.

Mstaafu,
Miyuji, Dodoma