Majina yako wapi? Kuhusu ile kumbukumbu ya Wayahudi Berlin

Mhariri, naomba nafasi kidogo. Siku hizi Mbongo akitua tu Berlin lazima tuone picha zake kwenye status, kakaa juu ya yale mawe ya kijivu karibu na Geti la Brandenburg, miwani myeusi, mguu juu ya mguu, na huku watu wanagawanyika, wengine wanakomenti "umetisha" wengine wanamtukana hana adabu, hajui ile ni kumbukumbu ya Wayahudi milioni 6 waliouawa na Wanazi? Sawa, lakini mi nauliza, mtu anayepita tu pale atajuaje?

Ni vitalu 2,711 vya zege, vingine vinakuishia magotini, vingine vinafika karibu mita 5, na ardhi yenyewe inapanda na kushuka, kwahiyo ukiingia katikati kelele za magari zinapungua na mwenzako anakupotea kona moja tu. Inatisha kweli, hilo nampa Peter Eisenman, yule Mmarekani aliyeichora. Ila juu ya vitalu hakuna herufi hata moja, si jina, si mwaka, si nyota ya Daudi, na ndivyo alivyotaka, hata hiyo 2,711 alisema haina maana yoyote.

Na sio kwamba wazo la majina halikuwepo. Kampeni ya kutaka kumbukumbu hiyo ijengwe ilianza 1988, akiwa mbele mwandishi wa habari Lea Rosh, shindano la kwanza likapata michoro 528, na ulioshinda 1995 ulikuwa bamba moja kubwa mno lenye majina ya waliouawa. Kansela Helmut Kohl akaukataa. Ikabidi shindano lingine, bunge likapitisha mchoro wa Eisenman Juni 1999, ikafunguliwa Mei 2005. Katikati hapo kulikuwa na kioja cha 2003, ujenzi ulisimama baada ya kugundulika kampuni iliyoleta dawa ya kuzuia grafiti (yale maandishi ya kuchafua kuta), Degussa, zamani kampuni yake tanzu ndiyo ilikuwa inauza Zyklon B, gesi ileile iliyoulia watu makambini! Wakabishana weee, mwisho wakaendelea na dawa hiyohiyo.

Majina wameyaweka chini ya ardhi, kuna chumba yanasomwa moja moja na historia fupi ya mtu, na kuyamaliza yote kwa mtindo huo ni zaidi ya miaka 6. Mi naona hicho chumba ndio kumbukumbu yenyewe, na kukificha chini ilikuwa kosa, maana mtu wa selfi hateremki.

Mnione mbishi lakini msanii mwingine, Gunter Demnig, kafanya kazi kubwa zaidi kwa vijiwe vya sentimita 10 kwa 10, juu bamba la shaba, anavipandikiza barabarani mbele ya nyumba alikokuwa anaishi mtu aliyeteswa au kuuawa na Wanazi, kila kimoja na jina lake. Kimoja kipo mtaa wa Brunnenstraße hapohapo Berlin, na aliyeandikwa ni mtu wa kwetu, Mahjub bin Adam, mzaliwa wa Dar 1904! Alikuwa askari wa Wajerumani tangu mtoto vita ya kwanza, 1929 akaenda Berlin kudai mishahara yake na ya baba yake, wakamkatalia, akabaki huko akawa weita, akafundisha Kiswahili chuo kikuu, akaigiza kwenye filamu, mpaka 1941 walipomkamata kwa kutembea na mwanamke mzungu wakampeleka kambi ya Sachsenhausen, akafia huko Novemba 1944. Hakuwa Myahudi kwahiyo ile ya vitalu haimhusu, lakini waliomuua ni walewale.

Sasa hapa Dar nani anamjua? Sanamu ya Askari pale Samora iko tangu 1927 na yenyewe haina jina la askari hata mmoja, tena iliwekwa na Waingereza kwa ajili ya watu wa upande wao. Ombi langu kwa jiji ni dogo, wekeni kibao chenye jina la Mahjub popote mjini, na gazeti lenu liandike habari zake ukurasa mzima, picha zake zipo.

Msomaji wenu, Dar es Salaam