Wapagazi hawajafika bado

Arusha, Jumapili jioni

Ndugu yangu Elibariki,

Salamu nyingi. Huku hatujambo, mvua imeanza, mengine tutaongea tukionana. Nimekaa na ile ratiba ya mazoezi ya mbio ya kijana wetu Goodluck tangu juzi na imeninyima raha. Jumanne mbio za kasi, Jumatano mteremko wa Machame hadi barabara kuu, Alhamisi kasi tena. Mwili wake utajijenga saa ngapi?

Mtu akikimbia kwa nguvu mpaka joto la ndani likafika nyuzi 39 au 40, baadhi ya protini za misuli, moyo na ini huanza kupoteza umbo, kama ute wa yai unavyoanza kuganda kikaangoni. Seli ikiona hivyo huamsha protini za ulinzi, hizi zinazoitwa za mshtuko wa joto. Maarufu kati yake ni HSP70. Huishika protini inayolegea na kuisaidia ijikunje sawasawa. Isiyofaa tena hupelekwa ikavunjwe. Jina limetokana na kazi ya Ritossa, Mwitaliano aliyeona dalili zake kwa nzi wa matunda mwaka 1962, baada ya joto la kabati lao kupanda. Lakini si joto peke yake linaloziamsha. Oksijeni ikipungua, asidi ikizidi, sukari ya misuli ikiisha, nyuzi za misuli zikichanika, protini hizo huitwa kazini pia.

Tatizo ni muda. Amri ya kuzitengeneza hutoka mapema, ila protini zenyewe huendelea kuongezeka kwenye msuli kwa siku moja, mbili, hata zaidi. Ukimrudisha kijana kwenye kasi kesho yake, unampandisha mlima na mizigo wakati wapagazi hawajafika getini.

Mteremko usiufute. Paja la mbele hurefuka huku limekaza, ndiyo maana linachanika, lakini mara moja kwa kiasi humpa kinga ya wiki kadhaa. Aanze na dakika 15, kisha siku mbili za mwendo wa kuweza kupiga soga. Kasi Jumanne, kasi tena Ijumaa. Basi.

Vidonge vikubwa vya vitamini C vya kila siku aviache, vinaweza kupunguza huo mwito wa protini za ulinzi. Machungwa ale tu. Diklofenaki kabla ya mbio hapana, hasa akiwa amekaukiwa maji: figo zitaumia. Na mkojo ukija na rangi ya chai ya rangi, usingoje asubuhi, mpeleke hospitali usiku huohuo. Hiyo ni misuli iliyovunjika inapita kwenye figo.

Narudi palepale: siku mbili, Elibariki. Nakusihi.

Analala saa ngapi usiku? Anakula nini baada ya mazoezi, au ni chai na andazi tu? Yale maumivu ya paja yanaisha siku ya ngapi? Na hiyo ratiba kaipanga nani, wewe au Mwalimu Massawe? Nijibu kabla ya Jumanne.

Wako,
Baba Neema