Maktaba ni ya bure, kazi ya kuziba tundu siyo

“Hiyo programu ni ya bure, nimeiona mwenyewe mtandaoni. Sasa mnanitoza hela ya nini?” Swali hili tunaulizwa karibu kila tunapotoa ankara ya kuziba tundu la usalama. Safari hii mteja wetu, mwenye duka la vipuri, alituambia waziwazi kwamba tumemwibia. Tunamjibu hapa, yeye na wengine wenye dukuduku hilohilo.

Fomu ya mawasiliano ya tovuti yake ilikuwa ikituma barua pepe kwa PHPMailer, maktaba ya bure (yaani msimbo uliokwisha kuandikwa na wengine) ya kutuma barua kutoka tovuti za lugha ya PHP. Ilikuwa ya zamani, tawi la 5.2, yaani matoleo yanayoanza na 5.2. Tundu lake lilitangazwa na Dawid Golunski Desemba 2016, nalo limeandikishwa kama CVE-2016-10033 kwenye orodha ya kimataifa ya matundu ya usalama. Mgeni anajaza anwani yake; ikiwa fomu inaiweka kama anwani ya mtumaji, PHPMailer inaikabidhi kwa mail(), amri ya PHP ya kutuma barua, nayo inaita sendmail, programu ya barua ya seva, kwa mstari wa amri. Anwani iliyotungwa kwa hila inageuka maelekezo. Kwa chaguo la -X, sendmail inaagizwa iandike logi yake ndani ya folda ya tovuti, kwa jina la faili la PHP, na ujumbe wa fomu uliobeba msimbo unaingia humo. Mdukuzi akilifungua faili hilo kwenye kivinjari, seva inamtii.

Kabla ya kutuita, mpwa wa mteja alikuwa ameongeza msimbo wa kuzuia nukta-mkato (;) na mstari wima (|), alama zinazotumika kuunganisha amri. Njia hii tunaikuta kila mahali, na hapa haizuii chochote, kwa sababu shambulio hili halihitaji alama hizo. Linatumia nafasi na alama za kunukuu, ambazo kanuni za barua pepe zinaziruhusu ndani ya anwani. Hata watunzaji wa PHPMailer hawakulimaliza kwa mara moja. Toleo la 5.2.18 liliongeza escapeshellarg, kinga ya PHP ya kufunga maandishi yasigeuke amri, lakini mail() yenyewe hutumia kinga nyingine, escapeshellcmd, kwa ndani. Kinga hizo mbili ziligongana, na alama moja ya kunukuu ikatosha kupenya. Siku chache baadaye ikabidi litoke 5.2.20. Hao ndio walioijua maktaba yao kuliko mtu yeyote.

Sasa tuje kwenye ankara. Composer, programu ya kusakinisha maktaba za PHP, inaonyesha ilichosakinisha yenyewe tu. Nakala zilizobandikwa kwa mkono haizioni. Kwa hiyo tulipekua seva nzima tukitafuta class.phpmailer.php, faili kuu la tawi hilo, tukakuta nakala nyingine ndani ya mandhari (theme) ya tovuti, na nyingine kwenye folda ya tovuti ya zamani ambayo kila mtu aliisahau ingawa bado inafunguka mtandaoni. Tawi la 5.2 lilishaachwa, halirekebishwi tena. Kuhamia la 6 na kuendelea si kubadilisha faili moja, maana namna ya kuiita maktaba imebadilika, hivyo kila fomu inafunguliwa na kuandikwa upya. Mtumaji anakuwa anwani ya tovuti yenyewe, anwani ya mgeni inakwenda kwenye sehemu ya kujibu, na barua zinapita SMTP, yaani zinakabidhiwa moja kwa moja kwa seva ya barua, badala ya sendmail. Kazi hii tunaifanya kwa utaratibu na hatuionei haya bei yake.

Na bado hujamaliza. Mwenye nyumba ya wageni mmoja alisasisha mwenyewe, akafurahi, na tovuti ikaendelea kumwaga barua taka. Amebadilisha kitasa huku mwizi yumo chumbani: faili la PHP lilikuwa limekaa kwenye folda ya picha. Akarudisha bekapu, na bekapu nayo ilikuwa na faili lilelile. Alipotufikia, bili ilizidi mbali ile aliyoikwepa, kwani ilibidi tusome logi (kumbukumbu za seva) kurudi nyuma hadi siku faili lilipoingia, tubadilishe nywila za hifadhidata na za barua pepe, na tuzuie PHP isiendeshwe kwenye folda za picha.

Ukishuku tovuti yako imeguswa, usifute kitu na usirudishe bekapu. Pakua logi za seva siku hiyohiyo, kwa sababu hostingi nyingi hazizihifadhi kwa muda mrefu. Tuletee logi hizo pamoja na ruhusa ya kuingia kwenye seva. Bei tutakutajia baada ya kuhesabu nakala na fomu, kabla hatujagusa mstari wowote wa msimbo.