Shairi la kivuko usilitupe

Swahiba,

Salamu toka Tanga, huku wote wazima, joto tu ndo linatusumbua. Ujumbe wako nimeusoma nikaurudia, pale uliposema shairi la baba yako na kivuko cha Likoni limekwama ubeti wa pili na unataka kulitupa. Usilitupe bana, nakuomba kabisa.

Mi naona wazo lako halina tatizo, ila umelibeba lote kwa mkupuo. Unataka baba, bahari, shida za mjini, safari ya maisha, vyote viingie kwenye tarbia ya beti tano, mistari minne tu kila ubeti, haviingii. Si ulishaniambia mzee alikuwa anakunja gazeti analitia kwapani akiona geti la feri linafunguliwa? Anza na hilo gazeti. Watu wamebanana kwenye mteremko, mikokoteni inapiga kelele, yeye kashika gazeti lake. Hizo shida za mjini zitaingia zenyewe bila kuzitaja.

Nikwambie ilivyokuwa lile shairi la bibi yangu, maana najua unafikiri linakuja tu. Wazo la kwanza lilikuwa "nimlilie bibi", basi, halafu nikakaa na karatasi tupu mpaka nikaamua niandike vitumbua vyake tu, ile asubuhi. Nikaandika kwanza maneno ya kawaida kabisa, bila vina, yaani zile silabi za mwisho zinazofanana, bila mizani, yaani hesabu ya silabi, kila nnachokumbuka: unga wa mchele, chuma cha vitumbua, mkaa, giza la nje. Hii hatua watu wengi wanairuka na ndo inawaponza, wanatafuta vina kabla hawajajua wanasema nini. Ndo baadae nikaanza kupima. "Bibi alikuwa anaamka kabla ya jogoo" haikai popote, hesabu mwenyewe uone, nikaikata nikaigeuza ikawa:

Jogoo bado kuwika, bibi yu mbele ya jiko

Hapo silabi 8 kwa 8. Ukwapi, yaani nusu ya kwanza ya mstari, unaishia -ka, utao, nusu ya pili, -ko. Sasa mstari wa pili nikapata "Unga umeshaumuka" haraka haraka, halafu utao ukanigomea. Kilichonijia kwanza ni "mkononi ana mwiko". Mizani imetimia, kina kimekaa, ila ni uongo, kitumbua unamimina kwa upawa, bibi hakuwahi kushika mwiko pale. Hapa ndo pagumu swahiba, kina kinakuvuta useme kitu ambacho hakikuwepo na hakuna atakayekukamata, lakini wewe unajua. Nikaliacha. Nikaenda na shughuli zangu, nikawa natembea nalo kichwani, jiko, mfuko, kwako, huko, mpaka njiani naenda sokoni ikanijia "kicheko". Kweli, bibi alikuwa anacheka peke yake jikoni, anakumbuka vituko vya jana anacheka, sisi tupo kitandani tunamsikia! Nilikuwa nimeshasahau. Ikawa:

Unga umeshaumuka, nakisikia kicheko

Toka hapo shairi likageuka, halikuwa la kulia tena, na nikaufuta ubeti mzima wa machozi niliokuwa nimeshauandika, japo ulikuwa umepangika vizuri tu. Yaani kile unachotaka kusema hasa unakuja kukijua katikati ya kazi, sio mwanzoni, na wewe unataka kuacha hapohapo katikati.

Inkisari, kule kufupisha neno ili mizani itimie, tumia, ipo siku zote, ila usikate maneno mpaka msomaji aanze kukisia. Na kituo, ule mstari wa mwisho wa ubeti, usikihangaikie saa hizi, wengine wanaanza nacho, mi naona kwa lako kitoke mwisho ukishajua gazeti limekupeleka wapi.

Kingine, lisome kwa sauti. Muyaka bin Haji wa hapohapo kwenu Mombasa alifariki karibu mwaka 1840, mashairi yake yakakaa midomoni mwa watu miaka na miaka ndo yakaja kukusanywa yakaandikwa. Yamebaki kwa sababu yanatamkika. Sasa wewe unaandika kwenye simu unasoma kwa macho tu, utajuaje wapi ulimi unajikwaa? Msomee mama, yeye anamjua huyo mzee kuliko sisi wote, na usimuulize kama limependeza, atakwambia limependeza. Mwangalie tu, pale anapokukatiza aseme "hapana, hakuwa hivyo" weka alama, na pale anapoongeza lake, andika upesi. Nahisi beti zako zilizobaki anazo yeye.

Ukishaupata ubeti wa tatu usinitumie kwa kuchapa, nirekodie kwa sauti yako, hata kama mizani haijakaa, tutaikalisha pamoja. Jumamosi jioni ntakuwa nyumbani, nipigie. Na mama mpe shikamoo yangu.

Wako wa siku zote